Vitenzi katika Masomo ya Kwanza ya Seli na Mwili wa Binadamu

Mwenzangu mmoja afundishaye katika chuo cha afya aliniletea mwaka jana makabrasha ya kurasa zipatazo 80, aliyoyaandika kwa Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza. Yalihusu mambo mawili ambayo huanzwa pamoja katika vyuo vingi vya namna ile, yaani seli na sehemu zake, na kazi za viungo vya mwili wa binadamu. Kwa kanuni wanafunzi hao hufundishwa kwa Kiingereza. Lakini yeye aliona ya kuwa wengi wao huyakariri maneno pasipo kuyaelewa, ndipo alipoamua kuwapa maelezo ya pembeni katika lugha waliyoizoea. Aliniomba jambo moja tu, nimtazamie istilahi. Nikafanya kama ilivyo desturi yetu sisi watu wa lugha. Nilichukua wino mwekundu, nikaweka kando yangu Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba ya mwaka 2003, zote mbili zilizotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, nikalinganisha jina kwa jina. Kwa siku mbili kazi ilikwisha, nami nikamrudishia makabrasha yake nikiwa nimeridhika sana na nafsi yangu.

Majuma machache baadaye alinialika nikae nyuma ya darasa lake. Alimwinua kijana mmoja akamwuliza osmosisi ni nini. Kijana akajibu bila ya kukosea hata silabi moja, kama ilivyoandikwa katika makabrasha: osmosisi ni mchakato wa msogeo wa molekuli za maji kutoka eneo la ukolezi mdogo kwenda eneo la ukolezi mkubwa kupitia utando pitishi nusu. Mwalimu akamsifu, kisha akamwuliza kwa nini maji ya dripu hutiwa chumvi. Kijana akanyamaza. Darasa zima likanyamaza, hata mama mmoja wa makamo, ambaye alikuwa amefanya kazi ya uhudumu wodini miaka mingi kabla ya kupata nafasi ya masomo, akasema polepole, "Yakiwa maji matupu, mwalimu, zile chembe za damu zitayanywa mpaka zipasuke." Mwalimu akatabasamu, akamwambia, "Vema, mama, lakini useme osmosisi."

Niliporudi nyumbani niliifungua nakala yangu nikaitazama ile fasili upya. Kila jina lililomo nilikuwa nimelitia alama ya kulikubali, na hakika hakuna jina moja lililo baya. Yule kijana hakushindwa kwa ajili ya istilahi, maana alizijua zote. Basi kosa lilikuwa mahali ambapo wino wangu haukugusa kabisa. Kwa hiyo haya niyaandikayo ni uhakiki wa makabrasha ya mwenzangu, kwa ruhusa yake, na ni uhakiki wa masahihisho yangu mwenyewe.

Tuitazame sentensi ile kisarufi. Kitenzi chake kikuu ni kile kidogo kuliko vyote, "ni". Kila kinachotendeka kimefanywa jina: mchakato, msogeo, ukolezi. Sasa kila mwanafunzi wa sarufi ya Kibantu anajua kwamba kitenzi kikigeuzwa kuwa jina huvuliwa viambishi vyake. Hakidai tena kiambishi cha mtenda, wala cha mtendwa, wala cha wakati. Chukua neno "ukolezi". Waliolichagua walifanya kazi njema, kwa kuwa limetokana na kukolea, neno la jikoni ambalo halina mgeni: chumvi imekolea, viungo vimekolea, hata rangi ya kitambaa imekolea. Lakini kukolea hakusemwi bila ya kutaja kilichokolea. Ukisema "imekolea" tu, msikilizaji atauliza, nini? Ukisema "ukolezi mdogo", haulizi kitu, na hapo ndipo anapopotea. Maana kurasa mbili nyuma makabrasha yaleyale yalisema ya kuwa vitu husambaa kutoka ukolezi mkubwa kwenda ukolezi mdogo, na sasa yanasema maji huenda kutoka mdogo kwenda mkubwa. Mwanafunzi mwenye akili huona hitilafu, na asipopata wa kumfumbulia huamua kukariri yote mawili.

Hakuna hitilafu. Katika sentensi ya kwanza kilichokolea ni kile kitu chenyewe kisambaacho; katika ya pili kilichokolea ni chumvi, na kinachosogea ni maji. Mtu akisema, "Maji hupenya utando kwenda upande ule ambao chumvi imekolea zaidi," fumbo limefumbuka. Hapo ataelewa pia kwa nini dripu ya kawaida hutiwa gramu 9 za chumvi katika kila lita 1: kwa kipimo hicho chumvi haikukolea nje ya chembe nyekundu kupita ilivyokolea ndani yake, wala haikupungua, basi chembe hazivimbi wala hazisinyai. Maji matupu yakimiminwa mshipani yatapenya ndani ya chembe na kuzijaza hata zipasuke, kama alivyosema yule mama.

Ama kuhusu neno lake "zitayanywa", sitaki kumpendelea. Mwalimu alikuwa na haki kidogo ya kusita, ingawa sababu aliyoitoa haikuwa yenyewe. Wataalamu wa biolojia wanayo tayari matendo mawili waliyoyaita kwa Kigiriki kunywa na kula. La kwanza ni pale seli inapoukunja utando wake ikazingira tone la maji na kulivuta ndani. La pili ni pale chembe nyeupe inapomzingira kijidudu na kummeza, jambo ambalo Metchnikoff aliliona kwa darubini huko Messina mwaka 1882 katika viluwiluwi vya kiti cha pweza. Katika matendo hayo seli ndiyo mtenda, na kunywa na kumeza ni maneno yanayostahili. Katika osmosisi seli haitendi neno. Maji ndiyo yatendayo, na seli ni nyumba iliyoingiliwa. Hivyo kosa la mama lilikuwa kosa la kuchagua mtenda, nalo ni dogo kuliko kosa la makabrasha, ambayo hayakuwa na mtenda hata mmoja.

Hapa tumefika penye utajiri wa lugha yetu ambao tunauhubiri katika madarasa ya isimu na kuuacha mlangoni tuingiapo katika madarasa ya sayansi. Nataka kusema habari ya kauli. Utando wa seli una mambo mengi yapitayo, na hayapiti kwa njia moja. Oksijeni na kaboni dioksidi hupita zenyewe katikati ya mafuta ya utando, hazihitaji mlango wala mlinzi. Sukari ya glukosi haiwezi hivyo. Hupitia katika protini maalumu iliyo kama mlango, ingawa nayo huelekea kule ambako imepungua. Natiri na potasi huchukuliwa kinyume cha maelekeo yake, na kazi hiyo hula nguvu: kwa kila molekuli moja ya ATP inayovunjwa, ioni 3 za natiri hutolewa nje na ioni 2 za potasi huingizwa ndani. Protini ifanyayo kazi hii ilielezwa na Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957, naye akapata Tuzo ya Nobel kwa ajili yake mwaka 1997. Sasa Kiswahili kina kupenya, kupenyezwa na kuvushwa. Oksijeni hupenya. Glukosi hupenyezwa. Natiri huvushwa, kama vile abiria avushwavyo kwa pantoni kwenda Kigamboni: havuki kwa miguu yake, na mafuta ya pantoni hulipiwa. Tofauti ambayo mwalimu hutumia saa nzima kuichora ubaoni imo ndani ya viambishi vya vitenzi vitatu ambavyo kila mtoto wa pwani anavitumia.

Makabrasha yaliandikaje? Yaliandika "usafirishaji amilifu" na "usafirishaji tulivu". Nami nilivipitisha vyote viwili! Lakini kusafirisha ni kauli ya kutendesha. Haiwezekani kuwako usafirishaji pasipo msafirishaji, kama vile hakuna kulisha pasipo mlishaji. Oksijeni inapojipitia yenyewe haisafirishwi na mtu wala kitu, kwa hiyo "usafirishaji tulivu" ni maneno yanayogombana. Katika Kiingereza neno lililofasiriwa halina alama ya kutendesha ndani yake, basi ugomvi hausikiki. Mfasiri aliangalia maana ya neno akasahau umbo la lake mwenyewe. Vilevile "utando pitishi nusu". Nimeona katika daftari la mwanafunzi mchoro wa utando wenye matundu, nusu yake yameachwa wazi na nusu yamezibwa kwa kalamu. Hakukosea; alichora alichosoma. Kauli ya kutendeka ingemwokoa: utando huu unapenyeka kwa maji, haupenyeki kwa chumvi.

Nitasema kidogo juu ya jina la seli lenyewe, kwa kuwa wasomaji wa jarida hili huenda wakadhani nayadharau majina. Mwaka 1665 Robert Hooke alitazama ukoga mwembamba wa kizibo cha gome kwa darubini akaona vijumba vitupu vilivyopangana, akaviita kwa neno la Kilatini la chumba kidogo. Alichoona ni kuta za vitu vilivyokwisha kufa. Schleiden mwaka 1838 na Schwann mwaka 1839 walipoonyesha kuwa mimea na wanyama pia wameundwa kwa seli, jina la chumba lilikwisha kushika, ijapokuwa seli ya mnyama haina ukuta. Kiswahili kimelipokea neno hili la Kiingereza mara mbili: polisi walilileta likawa selo, wengine husema sero, na shule zikalileta likawa seli. Sioni ubaya. "Seli" imekuja kwetu haina picha yoyote, na jina lisilo na picha halimdanganyi mtu. "Chembe" ndilo linalosumbua, kwa kuwa makabrasha hulitumia kwa seli za damu, kisha kwa punje za chumvi, kisha kwa ioni, katika ukurasa mmoja. Tena yanafundisha kuwa kila seli ina kiini, halafu sura ya damu inasema chembe nyekundu ya binadamu iliyokomaa haina kiini na huishi siku 120 hivi, wala hakuna neno la kuunganisha habari hizo mbili. Haya ni ya kurekebishwa kwa mistari miwili. Niyaache.

Sura ya figo ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Inaanza kwa kusema, "Figo huchuja uchafu katika damu." Mwanafunzi wa Kiswahili anapolisikia neno kuchuja haoni kifaa cha maabara, anaona kifumbu. Anamwona mama yake akitia nazi iliyokunwa na maji, akikamua, tui likishuka bakulini na machicha yakibaki ndani. Kinachotakiwa hupita, kisichotakiwa hubaki kwenye chujio. Basi atadhani uchafu hubaki ndani ya figo kama machicha, na ya kuwa damu iliyosafishwa hupita na kuendelea. Nilimwuliza mwanafunzi mmoja uchafu huo hutokaje kwenye chujio, naye akanijibu kwamba mtu hunywa maji mengi ili kuusuuza. Jibu hili lina mantiki kamili kwa mtu aliyewahi kuosha kifumbu.

Mambo ndani ya figo yamegeuka. Kinachobaki kwenye chujio ni machicha tunayoyataka, yaani chembe za damu na protini kubwa, nayo huendelea na safari mshipani. Kinachopita ni maji pamoja na chumvi, glukosi, urea na vitu vingine vidogo, vizuri na vibaya pamoja, wala chujio halibagui kwa wema bali kwa ukubwa. Kwa mtu mzima maji hayo hufika takriban lita 180 kwa siku. Mtu hakojoi lita 180. Hukojoa lita 1 au 2 tu. Basi kazi kubwa ya figo ni ile ifuatayo baada ya kuchuja: vijifereji vyake hurudisha katika damu karibu yote yaliyopita, glukosi yote ya mtu mwenye afya, chumvi kwa kipimo, maji kwa kipimo, na kuacha vichache viende kibofuni. Mwanamke anayekamua nazi akifanya hivi angeonekana mwenda wazimu: ayaweke machicha, alimwage tui bakulini, kisha alichote lote isipokuwa kijiko kimoja. Na mfano huu, kwa sababu ni wa ajabu, hausahauliki. Simlaumu mwenzangu kwa kutumia "kuchuja". Namlaumu kwa kukitumia kitenzi chenye picha kali namna ile bila ya kuitazama picha yenyewe. Angeandika, "Figo huchuja damu, kisha hurudisha sehemu kubwa ya kilichochujwa," pangekuwa na vitenzi viwili, na cha pili ndicho kimfanyacho mwanafunzi aelewe kwa nini mwenye kisukari hukojoa glukosi: iliyopita ni nyingi kuliko inayoweza kurudishwa.

Katika sura ya kupumua, makabrasha yanaita "upumuaji" kazi ya mapafu na kazi ya mitokondria pia. Hapa kosa tumeliazima pamoja na neno, kwani Kiingereza nacho hutumia jina moja kwa yote mawili na waalimu wao hulalamika vilevile. Lakini sisi hatukuwa na haja ya kuliazima. Mtu huvuta pumzi na kutoa pumzi. Seli haivuti kitu. Seli huiunguza glukosi kwa oksijeni, hatua kwa hatua na pasipo moto, ikapata nguvu na kuacha maji na kaboni dioksidi. Tukiwa na kuvuta pumzi kwa upande mmoja na kuunguza kwa upande wa pili, hatutawasikia wanafunzi wakisema ya kuwa mitokondria ni mapafu ya seli.

Jambo ninalolishutumu bila ya kusita ni "damu safi" na "damu chafu". Makabrasha yanasema ateri hubeba damu safi na vena hubeba damu chafu. Kwanza, si kweli, maana ateri iendayo mapafuni hubeba damu iliyopungukiwa oksijeni, na vena zitokazo mapafuni hubeba iliyojaa. Pili, damu inayotolewa na mchangiaji hutolewa katika vena ya mkono. Je, tunawatia wagonjwa damu chafu? Mwanafunzi huyu kesho atakuwa muuguzi, atawahimiza watu wachangie damu, na huku Tanzania huduma hiyo huitwa Damu Salama. Atasemaje? Tatu, katika Kiswahili cha mitaani damu chafu ni ugonjwa, na wako wauza dawa wanaonufaika kwa kuahidi kuisafisha. Mwalimu wa fiziolojia hana sababu ya kuwapa cheti. Jambo lenyewe ni jepesi kulisema: damu hupakia oksijeni mapafuni na kuipakua viungoni. Kupakia na kupakua ni maneno ya bandari, kila mtu anayafahamu, na hayamtukani mtu damu yake.

Sasa nije penye wodi, maana huko ndiko vitenzi hivi viendako. Mwanafunzi huyu atajibu mtihani wake kwa Kiingereza, lakini mgonjwa wake hatamwambia habari zake kwa Kiingereza. Atamwambia mshipa unamuuma, naye itampasa atambue kama ni mshipa wa damu, au neva, au ngiri, kwa kuwa yote hayo huitwa mshipa. Atamwambia, "Nina presha." Makabrasha hayakumwandaa kwa neno hili. Ukurasa mmoja unasema shinikizo la damu ni nguvu ya damu juu ya kuta za ateri, na ukurasa mwingine unasema shinikizo la damu ni ugonjwa. Kila aliye hai ana presha, na asiye nayo amekwisha kufa. Maradhi ni kuzidi kwake. Tena huambiwa kuna namba ya juu na namba ya chini, tuseme 120 na 80 kwa milimita za zebaki, na watu wana presha ya kupanda na presha ya kushuka, basi wengi huona kwamba namba ya juu ndiyo ile ya kupanda na ya chini ndiyo ile ya kushuka. Vitenzi viwili vingewatosha: ya juu ni pale moyo unapokaza, ya chini ni pale unapolegea.

Na mgonjwa anayepewa vidonge hupimwa baada ya mwezi, huambiwa, "Presha yako imeshuka." Anashukuru, anarudi nyumbani, anaacha vidonge. Kwa nini asiache? Kitu kilichoshuka chenyewe kimeshuka. Maji ya mto yakishuka hatuendelei kuyazuia. Nilipomweleza mwenzangu jambo hili alinyamaza kitambo, kisha akaniambia kwamba katika kazi yake ya zamani ya wodini aliwahi kulisema neno hilo mara nyingi mno asiweze kuzihesabu. Angesema, "Presha yako imeshushwa na dawa," pangeongezeka silabi chache tu, na mgonjwa angesikia kuwa yuko mshushaji, na akiondolewa itapanda. Sidai ya kuwa watu wote huacha dawa kwa sababu ya kiambishi. Bei ya dawa ipo, na umbali upo, na uchovu upo. Nasema kwamba lugha imetupa neno la kweli na neno la nusu ya kweli, na tumezoea kutumia la nusu.

Wako watakaonipinga wakisema kuwa sayansi haiwezi kuandikwa kwa lugha ya jikoni na bandarini, na ya kuwa majina yanayofupisha matendo ndiyo yaipayo elimu uzito wake. Nakubali kwamba majina hayaepukiki. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari huko Ujerumani nilishangaa kuona kwamba madaktari wa kule huuita duodeni utumbo wa vidole kumi na viwili, kwa neno la lugha yao, mbele ya mgonjwa na mbele ya profesa pia; na neno la Kilatini lenyewe halisemi zaidi ya hesabu hiyo ya kumi na mbili. Nilirudi nyumbani na ari kubwa ya kutaka kila istilahi iwe na asili ya Kibantu. Ari ile imepoa. Osmosisi na ibaki osmosisi, mitokondria na zibaki, kimeng'enya kimekwisha kupata uraia. Ninachotaka ni kwamba jina lisiingie darasani kabla ya kitenzi chake. Kwanza maji yapenye, chembe zipasuke, darasa lione. Kisha mwalimu aseme, jambo hili wataalamu huliita osmosisi. Yule mama wa makamo alikuwa na nusu ya kwanza, yule kijana alikuwa na nusu ya pili, na makabrasha yaliandikwa kwa ajili ya kijana peke yake.

Mwenzangu ameyaandika upya karibu yote, na toleo la sasa ni bora kuliko vitabu vingi vya namna hii nilivyopata kuvisoma. Sura ya figo ni nzuri hasa. Amekitia kifumbu ndani yake na mchoro wa kifumbu pia. Tumebaki na mgogoro mmoja, nao unahusu fani yangu zaidi ya fani yake. Wataalamu wa seli walipotaka kueleza jinsi habari zilizomo katika DNA zinavyogeuka kuwa protini, waliazima maneno kutoka kwetu sisi wa lugha: kuna herufi, kuna kunukuu, kuna kutafsiri. Ribosomu hupitia herufi tatu tatu. Mafungu ya namna hiyo ni 64, na 61 kati yake huita asidi amino 20, na 3 husimamisha kazi. Yeye ameandika ya kuwa ribosomu "hutafsiri". Nilimwambia ya kuwa mtu atafsiriye hufahamu maana kwanza, na ribosomu haifahamu kitu; aandike kwamba "husoma na kuunga". Akaniuliza kama kusoma kunawezekana pasipo kufahamu. Nikamkumbusha yule kijana na fasili yake ya osmosisi. Akacheka, lakini neno lake hakulifuta, na katika nakala iliyopigwa chapa wiki iliyopita ribosomu ingali inatafsiri.